Mvua ya Hollywood au mvua ya Bombay: picha gani ya zamani yenye nyimbo umwekee mtazamaji wa leo?

Kijana aliyekulia kwenye simu akikuomba umchagulie picha moja tu ya zamani yenye nyimbo, kuna mbili ambazo huwezi kuzikwepa. Moja ni Singin' in the Rain ya studio ya MGM, iliyotoka Hollywood mwaka 1952. Nyingine ni Shree 420 ya Raj Kapoor, iliyotoka Bombay (leo Mumbai) mwaka 1955. Zimepishana miaka mitatu. Kila moja ina stelingi mchangamfu aliyempenda mwanamke mwenye msimamo kuliko yeye, na kila moja ina wimbo wa mvua unaojulikana hata na watu ambao hawajawahi kuitazama picha yenyewe.

Wanahistoria wa sinema wamekwisha kuzisifu zote mbili, na sina la kuongeza hapo. Ninachotaka kupima ni jambo dogo zaidi na lenye faida kwako ukiwa na rimoti mkononi: nyimbo za picha zipi bado zinamshika mtu wa leo, asiye na kumbukumbu yoyote ya zama zile, aliyezoea klipu ya nusu dakika? Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Wimbo unaobeba tukio, ambao ukiukata hadithi inachechemea, hauzeeki kirahisi. Unaozeeka ni ule uliotiwa ili hadithi isimame kidogo tutazame magauni.

Mvua zenyewe

Katika mvua ya Hollywood, Don Lockwood, anayechezwa na Gene Kelly, amemsindikiza mpenzi wake Kathy (Debbie Reynolds) hadi mlangoni, wamebusiana, na gari lililomngoja ameliruhusu liende. Mvua inamwagika. Anaukunja mwavuli na kuanza kutembea. Kuanzia hapo tuna mwili wa mtu mmoja na barabara: nguzo ya taa anayoidandia, bomba linalomwaga maji kutoka paani, ukingo wa njia, madimbwi. Kelly aliiongoza picha hii pamoja na Stanley Donen, na wote wawili walikuwa wachezaji dansi kabla ya kuwa waongozaji. Walijua kwamba kamera ikikatakata, mtazamaji ataacha kuiamini miguu. Kwa hiyo shoti ni ndefu, unamwona mtu mzima kuanzia kofia hadi viatu, na anapozunguka katikati ya barabara na mwavuli wake kamera inapaa juu pamoja na furaha yake. Kisha askari anatokea, mchezo wa kurukia madimbwi unakatika, Don anamkabidhi mpita njia mwavuli na kwenda zake. Kelly alikuwa na homa kali wakati wa kupiga sehemu hiyo. Tafuta dalili yake kwenye skrini, hutaipata.

Kipande hiki hakidai maelezo yoyote. Mtoto asiyejua Kiingereza anakielewa. Mtu asiyeijua Hollywood anakielewa. Kuna mtu amependwa, basi, na mwili umeshindwa kuificha habari hiyo.

Mvua ya Bombay ni ya aina nyingine kabisa. Raj, anayechezwa na Raj Kapoor mwenyewe, ni kijana msomi asiye na kazi, aliyekuja mjini na shahada yake na medali ya uaminifu. Vidya, anayechezwa na Nargis, ni mwalimu maskini. Wametoka kunywa chai ya kando ya barabara. Mvua inaanza, mwavuli ni mmoja. Hawachezi dansi. Wanatembea, wanasimama, wanatazamana, na kila mmoja anamsogezea mwenzake mwavuli hadi unakosa mwenyewe. Sauti ni za waimbaji Manna Dey na Lata Mangeshkar, muziki ni wa Shankar na Jaikishan, maneno ni ya Shailendra. Ukija kwa haraka unaweza kudhani hakuna kinachotokea, kumbe hapo ndipo wawili hawa wanapokiri kwamba wamependana, na kwamba wanaogopa kwa sababu hawajui njia itawapeleka wapi.

Halafu unakuja ule ubeti. Mimi sitakuwapo, wewe hutakuwapo, lakini alama zetu zitabaki. Wakati huohuo watoto watatu waliovaa makoti ya mvua wanapita barabarani wakiwa wameshikana mikono. Walikuwa watoto wa Raj Kapoor mwenyewe, na mmoja wao, Rishi, alikuja kuwa stelingi mkubwa wa picha za Kihindi. Nargis alifariki mwaka 1981, Raj Kapoor mwaka 1988, Rishi mwaka 2020, Lata mwaka 2022. Mtazamaji wa 1955 aliuona ubeti mzuri. Mtazamaji wa leo anayejua habari hizi anaona ahadi iliyotimia mbele ya macho yake, na ninashindwa kuutazama bila koo kukaza. Ni nyimbo chache sana za sinema ambazo miaka imeziongezea nguvu namna hii.

Basi, nikilinganisha mvua kwa mvua: kwa mtu anayetazama mara ya kwanza, bila maandalizi, ya Hollywood inashinda. Kwa mtu anayerudia, au aliyekaa na mzee wa kumweleza, ya Bombay inaingia ndani zaidi. Sharti lake ni moja tu, nalo ni zito: tafsiri ya maneno chini ya skrini iwepo, na iwepo hata wakati wa nyimbo. Nakala nyingi zinazozunguka mtandaoni zinatafsiri mazungumzo, zikifika kwenye wimbo zinanyamaza, kana kwamba mshairi alikuwa anapoteza muda wa watu. Nakala ya namna hiyo iache. Utakuwa umempa mgeni wako nusu ya picha.

Nyimbo nyingine ndani ya picha hizohizo

Singin' in the Rain ina kipande cha Donald O'Connor anayepanda ukuta kwa miguu na kupinduka, anayepigana na mdoli, anayeanguka na kuinuka hadi unamhurumia mapafu. Bado kinachekesha hadi leo, kwa sababu mtu anayeanguka kwa ustadi hahitaji zama zake zielezwe. Kipo kingine cha watu watatu wanaocheza ndani ya nyumba alfajiri, wakimaliza kwa kupindua kochi. Debbie Reynolds alikuwa na miaka 19 na hakuwa mchezaji dansi wa kazi. Ukimtazama vizuri utaona anavyong'ang'ana kwenda sambamba na wanaume wawili waliobobea, na hilo linampa uhai ambao ufundi mtupu haungempa.

Lakini picha hiyo ina shimo. Karibu na mwisho hadithi inasimama kwa dakika kumi na tatu hivi kupisha onyesho la Broadway, na Kelly na Cyd Charisse wanacheza katika ulimwengu ambao hauhusiani na Don wala Kathy. Charisse anacheza kwa uzuri wa kutisha, na lile gauni la kijani halisahauliki. Hata hivyo hapo ndipo simu zinapotolewa mifukoni. Kabla yake kuna gwaride la mitindo ya nguo, wanawake wamepangwa wakitazamwa, mwimbaji akieleza gauni hili la nini na lile la wapi. Hilo lilikufa zamani. Ukiwa na mtazamaji asiye na subira, ruka vipande hivi viwili bila kujilaumu, hadithi itaungana tena.

Kinachoiokoa picha nzima ni mada yake. Inasimulia Hollywood ya mwaka 1927, sauti ilipoingia kwenye sinema, na nyota mwenye sura nzuri na sauti ya kukwaruza anayeazimwa sauti ya mwingine kwa siri. Kijana wa leo, anayejua jinsi studio inavyonyoosha sauti ya msanii kwa mashine, anaielewa hadithi hii pengine kuliko watu wa 1952. Na kuna jambo la kweli nyuma ya jambo la kubuni: katika wimbo ambao Kathy anamwimbia nyota huyo kwa kificho, sauti unayoisikia si ya Debbie Reynolds. Ni ya mwimbaji mwingine, Betty Noyes, ambaye picha haikumtaja.

Shree 420 haina shimo la aina hiyo. Nyimbo zake zimefungwa kwenye hadithi kwa fundo. Ule wa kwanza, mwimbaji Mukesh akiimba huku Raj akisafiri kwenda Bombay, unasema viatu ni vya Japani, suruali ya Uingereza, kofia nyekundu ya Urusi, na moyo bado ni wa Kihindi. Nani katika nchi zetu, tunaovaa mitumba kutoka kila pembe ya dunia, atahitaji kufafanuliwa wimbo huo? Kisha kuna wa kilabuni, Maya, mwanamke wa maisha ya anasa, akimwambia Raj asigeuke nyuma kutazama. Mwanzoni mwa wimbo Raj ni mshamba mwenye aibu ndani ya suti ya kuazima na Vidya bado yupo. Wimbo ukiendelea, Vidya ametoka, Raj anasita, kisha anajiunga na wachezaji na kuimba kwa sauti ya juu. Mtu mwema ameharibika ndani ya wimbo mmoja, hakuna mazungumzo yaliyohitajika. Huo ndio uandishi wa sinema ninaouheshimu kuliko wote.

Kilichozeeka katika Shree 420 kiko nje ya nyimbo. Ni zile hotuba za mwisho kuhusu uaminifu, urefu unaokaribia saa tatu, na wanawake wawili waliogawanywa kama malaika na shetani: mwalimu mwenye sari nyepesi upande mmoja, mwanamke wa sigara na gauni linalometa upande wa pili. Binti wa leo ataliona hilo, na ana haki ya kulisema.

Sauti ya kuazima

Wengi hudhani mtazamaji wa kisasa atachoshwa na midomo inayofuatisha sauti ya mtu mwingine. Mimi naona kinyume. Kizazi kinachojirekodi kila siku kikifuatisha midomo kwa nyimbo za watu hakioni ajabu yoyote Nargis akifungua kinywa na Lata akasikika. Tofauti iko kwenye heshima. Kule Hollywood jambo hilo lilifichwa. Marni Nixon alimwimbia Natalie Wood katika West Side Story ya 1961 na Audrey Hepburn katika My Fair Lady ya 1964, na jina lake halikuandikwa kwenye picha hizo. Ukilijua hilo, nyimbo zile zinabadilika kidogo masikioni, kwa sababu uso na sauti vilikusudiwa kukudanganya.

Bombay nako walianza kwa kuficha. Picha ya Mahal ilipotoka mwaka 1949, santuri ya wimbo wake mkubwa ilibandikwa jina la mhusika, Kamini, na wasikilizaji wakaanza kuuliza redio aliyeimba ni nani hasa. Alikuwa Lata. Baada ya hapo waimbaji wakawa nyota kwa majina yao, watu wakawa wanakwenda kumwona Raj Kapoor na kumsikiliza Mukesh kwa wakati mmoja, wakijua. Makubaliano ya wazi kati ya picha na mtazamaji yamezisaidia nyimbo za Kihindi kudumu: hakuna siri ya kufichuliwa.

Yanayotia doa

Hapa ndipo ninapomwomba mwenye kuchagua awe makini, hasa akiwa anawawekea watoto. Picha nyingi za Hollywood za miaka ya 1930 na 1940 zina kipande cha Mzungu aliyejipaka rangi nyeusi usoni. Swing Time ya 1936 ina dansi za Fred Astaire na Ginger Rogers ambazo sijaona za kuzizidi kwa wepesi, na katikati yake Astaire anatokea amejipaka weusi, eti kumuenzi mchezaji Mweusi Bill Robinson. Holiday Inn ya 1942, iliyoupa ulimwengu wimbo maarufu kuliko zote za Krismasi, ina kipande kama hicho ambacho televisheni zimekuwa zikikikata. West Side Story imempaka Natalie Wood rangi ili awe msichana wa Puerto Rico, na hata Rita Moreno, Mpuerto Rico halisi aliyeshinda Oscar kwa picha hiyo, alipakwa awe mweusi zaidi ya alivyo. Dansi alizotunga Jerome Robbins pale mitaani na juu ya paa bado zinawaka moto. Lakini utazitazama ukiwa na kitu kinachokukereketa, na afadhali ujue mapema.

Ukitaka ustadi wa zama hizo mikononi mwa wenyewe, weka Stormy Weather ya 1943. Wachezaji wake ni Weusi watupu: Lena Horne, Bill Robinson huyohuyo, Fats Waller, Katherine Dunham na kundi lake, Cab Calloway na bendi yake. Hadithi ni nyembamba, nakuonya, na kuna vichekesho vya wachekeshaji Weusi waliolazimika kujipaka masizi, pamoja na kipande cha ngoma za "Kiafrika" ambacho kwa mtu wa huku ni mavazi ya kubuni tu. Vumilia ufike mwisho. Ndugu wawili, Fayard na Harold Nicholas, wanaruka juu ya meza, wanacheza katikati ya wapiga ala, kisha wanashuka ngazi kubwa wakirukana kwa zamu, kila mmoja akitua chini kwa miguu iliyotanuka kabisa na kuinuka bila kushika kitu. Kwa mtazamaji wa miaka kumi na sita hakuna kipande cha sinema ya zamani ninachokiamini zaidi ya hicho. Nimeona vijana wakirudisha nyuma mara mbili kuhakikisha hawakudanganywa na kamera.

Picha za Kihindi zina doa lao. Miaka ya 1960 ilijaa nyimbo ambamo mwanamume anamfuata mwanamke aliyekwisha kumkataa, mpaka achoke na kutabasamu. Katika Sangam ya 1964, Raj Kapoor amekaa juu ya mti na nguo za Vyjayanthimala aliyeko majini, akimuuliza kwa wimbo kama watakutana au la. Ni mwangwi wa hadithi za mungu Krishna na wasichana wachunga ng'ombe, na muziki ni mtamu sana. Binti yangu akiwa kando yangu, wimbo huo ningeuruka, au ningeuweka kisha tuuzungumze.

Nani anatazama?

Kama nyumbani kuna wazee waliokulia Zanzibar, Mombasa au Dar es Salaam, hesabu inageuka. Picha za Kihindi zilijaza kumbi za pwani kwa miongo mingi, na nyimbo zake zikaingia kwenye taarab. Juma Bhalo wa Mombasa alijulikana kwa kutia mashairi yake ya Kiswahili ndani ya sauti za Kihindi. Mzee wa namna hiyo ukimwekea Shree 420 atauimba wimbo kabla haujaanza, na mjukuu atapata vitu viwili kwa pamoja: picha, na babu asiyemfahamu. Hapo usihangaike na Hollywood.

Kwa waliozoea picha zilizotafsiriwa kwa Kiswahili kwenye vibanda, ambako msimulizi mara nyingi huupitisha wimbo haraka ili kurudi kwenye ngumi, anza na Kelly au ndugu Nicholas. Mwili unawazoesha kutazama wimbo mpaka mwisho, maneno yatafuata baadaye. Watoto wadogo wape The Wizard of Oz ya 1939. Wakubwa wa MGM walitaka kuukata wimbo wa Judy Garland kule shambani, wakiona unachelewesha hadithi, na ndio wimbo ambao umebaki kuliko kitu kingine chochote ndani yake.

Mwenye kupenda mashairi mpe Pyaasa ya Guru Dutt, ya 1957. Ni picha nzito. Mshairi aliyekataliwa na jamii anapita katika mtaa wa makahaba akiimba kwa sauti ya Mohammed Rafi, maneno ya Sahir Ludhianvi, akiuliza wako wapi wale wanaojivunia India. Dutt huingiza wimbo kama mtu anayeendelea kuongea, mara nyingine bila hata ala za kutangulia, na kwa sababu hiyo picha yake inaonekana changa kuliko nyingi zilizokuja miaka ishirini baadaye.

Na ukiamua kuweka Mughal-e-Azam ya 1960, angalia nakala. Mwongozaji, K. Asif, aliipiga sehemu kubwa kwa nyeusi na nyeupe. Anarkali, mcheza dansi wa kasri anayechezwa na Madhubala, anaposimama mbele ya mfalme kuimba kwamba aliyependa ana nini cha kuogopa, rangi zinafunguka ghafla, na vioo vya ule ukumbi vinamzidisha mara mia hadi mfalme hana pa kugeuzia macho. Mwaka 2004 picha nzima ilitiwa rangi na kurudishwa kwenye kumbi. Ni kazi ya kupendeza, lakini rangi ikiwa imekuwapo tangu mwanzo, ukaidi wa binti yule haubadilishi chochote kwenye skrini. Tafuta ile ya 1960, hata kama imechakaa kidogo.